Ubeti wa Maabara ya Wengi: Kuisoma FASTQ kwa Makini

Anayepeleka maji ya ziwa au udongo wa msitu kwenye maabara ya pamoja ya jenomu hurudishiwa matini. Matini hiyo huja ndani ya faili za FASTQ, ikiwa na mamilioni ya beti za mishororo minne minne, na kwa kawaida hupita moja kwa moja kutoka kwenye mashine iliyoiandika hadi kwenye programu itakayoichambua, bila jicho la mtu kutua juu ya ubeti hata mmoja. Naiona hiyo ni hasara. FASTQ ni miongoni mwa maumbo yaliyobanwa kwa ustadi mkubwa katika maandishi ya sayansi ya wakati wetu, na anayeisoma polepole, herufi kwa herufi, hugundua kwamba kila ubeti umebeba historia ya mahali ulipoandikwa: mashine inayotumiwa kwa zamu na watu wengi wasiofahamiana. Hoja yangu ni kwamba ushirika huo umeingia katika umbo lenyewe la matini, kwamba umbo hilo limeubeba vizuri karibu kila mahali, na kwamba limeacha pengo moja ambalo mashine haina uwezo wa kuliziba.

Vituo vyenyewe vina historia tofauti. Taasisi ya Pamoja ya Jenomu, JGI, iliyoundwa na Idara ya Nishati ya Marekani mwaka 1997, ilianza kwa kusoma kromosomu za 5, 16 na 19 za binadamu, kisha ikageukia mimea, kuvu na vijiumbe vya udongo na maji, na kuwafungulia milango watafiti wa nje. Nchini Uingereza, baraza la NERC linalogharimia utafiti wa mazingira asilia lina kituo chake cha NEOF katika vyuo vikuu vya Liverpool na Sheffield. Jijini Nairobi, katika kampasi ya taasisi ya mifugo ya ILRI, kitovu cha BecA kimekuwa kikiwapokea watafiti wa Afrika Mashariki na Kati wanaokuja na sampuli zao na maswali yao. Vituo hivi vinatofautiana kwa ukubwa, kwa fedha na kwa wanaovitumia, lakini zao linalotoka kwenye mashine zao lina umbo moja, na ubeti wa Nairobi huweza kuwekwa kando ya ubeti wa Liverpool bila tafsiri yoyote.

Umbo hilo lilizaliwa karibu na mwaka 2000 katika Taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge, kwa kuunganisha vitu viwili vilivyokuwa vikitunzwa katika faili tofauti: herufi za DNA, na alama za kiasi ambacho kila herufi inaweza kuaminiwa. Kwa takriban muongo mzima lilienea kwa mazoea tu, kila mmoja akiiga faili za mwenzake, hadi Peter Cock na wenzake walipochapisha maelezo yake kamili mwaka 2010. Arudhi yake, kwa maneno mengine, iliandikwa baada ya beti nyingi kuwa zimekwisha kutungwa, jambo ambalo msomaji wa ushairi wa Kiswahili halitamshangaza.

Tuutazame ubeti mmoja. Nimeutunga kwa mfano, kwa kufuata kanuni za mashine iitwayo MiSeq, na nimeufupisha hadi herufi 36 ili uenee kwenye ukurasa. Beti halisi za aina hii huwa na herufi 150, 250 au hata 300.

@M01234:57:000000000-K7XYZ:1:1101:15589:1332 1:N:0:ACGTTGCA+GATCCTAG
GTCGGTAAAACTCGTGCCAGCCACCGCGGTTATACG
+
CCCCCFGGGGGGGGGGGGGGGGFGGFGFE8F?5,+#

Aliyelelewa na tarbia ataona kwanza kwamba mizani hapa zinatawala nusu ya ubeti. Mshororo wa pili na wa nne sharti ulingane kwa idadi ya herufi, bila kuzidi wala kupungua hata kwa moja, na programu ikikuta ubeti uliopotoka mizani huukataa, mara nyingi pamoja na faili nzima. Mshororo wa kwanza na wa tatu uko huru. Ataona pia kwamba kanuni ya utoshelevu imezingatiwa kikamilifu: ubeti huu unaweza kung'olewa kutoka katikati ya faili yenye beti milioni ishirini, ukapelekwa peke yake kwenye kompyuta nyingine, na bado ukasema umetoka wapi, unasema nini na una shaka kiasi gani. Kanuni hii ina matunda yake kwa maabara ya wengi. Kwa kuwa hakuna ubeti unaomtegemea jirani, faili inaweza kukatwa vipande mia, kila kipande kikachambuliwa na kompyuta yake, kisha vyote vikaunganishwa pasipo kupotea maana.

Mshororo wa kwanza una vipande viwili vilivyotengwa na nafasi moja, na mwendo wa vipande hivyo unatofautiana. Kipande cha kushoto kinakwenda kutoka kwenye kikubwa hadi kwenye kidogo. M01234 ni mashine; 57 ni zamu ya hamsini na saba ya mashine hiyo; 000000000-K7XYZ ni bamba la kioo ambalo juu yake DNA ilinatishwa; 1 ni mkondo wa bamba hilo; 1101 ni kigae, yaani eneo dogo la kioo linalopigwa picha kwa pamoja, ambapo tarakimu ya kwanza inataja uso wa juu au wa chini wa kioo, ya pili safu, na mbili za mwisho namba ya kigae katika safu hiyo; 15589 na 1332 ni vipimo vya nukta moja ndani ya kigae, kwa mlalo na kwa wima. Katika sentensi moja isiyo na kitenzi tumeshuka kutoka kwenye mashine inayojaza meza hadi kwenye doa la nuru lisiloonekana kwa macho. Ni nadra kukuta usahihi wa mahali uliobanwa namna hii katika maandishi yoyote, na kila nilipousoma mwendo huu nimeuona kuwa fasaha: nukta mbili zinazotenga viungo vyake zinamsukuma msomaji mbele bila kumpa nafasi ya kupumzika hadi afike ukingoni.

Kipande cha kulia ni kifupi na kina kazi nyingine. Namba 1 inasema kwamba huu ni usomaji wa kwanza kati ya miwili, kwa maana kila uzi wa DNA husomwa kutoka ncha zote mbili. N inasema ubeti haukuchujwa. 0 inahusu alama za udhibiti. Kisha yanakuja makundi mawili ya herufi nane nane, yakiunganishwa na alama ya kujumlisha. Haya ndiyo maneno pekee katika ubeti mzima ambayo yamewekwa kwa sababu ya ushirika. Ni kitambulishi: vipande vifupi vya DNA ya kutengenezwa ambavyo fundi wa maabara aliviunganisha na DNA ya sampuli hii kabla haijachanganywa na za wengine. Mashine ingekuwa ya mtu mmoja mwenye sampuli moja, kitambulishi kisingehitajika.

Sababu ya kuchanganya ni ya kihesabu. Zamu moja ya MiSeq inaweza kutoa hadi beti milioni 25, na gharama yake haipungui kwa kuwa mteja amekuja na chupa moja. Mwanaikolojia anayetaka kujua samaki waliopita kwenye maji ya chupa hiyo mara nyingi hutosheka na makumi ya maelfu ya beti. Kwa hiyo sampuli za watu mbalimbali hupangwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, safu nane kwa kumi na mbili, kila kishimo hupewa kitambulishi chake, kisha vyote humiminwa kwenye mrija mmoja. Kuanzia hapo hakuna jicho wala chombo kinachoweza kutenga maji ya mmoja na ya mwingine. Kilichobaki ni herufi kumi na sita za mwisho wa mshororo wa kwanza. Wanaobuni vitambulishi huvichagua ili kila kimoja kitofautiane na kingine angalau kwa herufi tatu, hivyo mashine ikikosea herufi moja, kitambulishi kilichoharibika bado kinakuwa karibu zaidi na asili yake kuliko na kingine chochote, na kinaweza kusahihishwa. Huo ni ufundi wa kuchagua maneno yatakayosikika vyema hata yakitamkwa vibaya kidogo.

Mshororo wa pili ndio ambao wengi huuita matini, na hapa swali la kwanza la mhakiki ni nani anayesema. Herufi 21 za mwanzo, GTCGGTAAAACTCGTGCCAGC, si za samaki yeyote. Ni kianzishi kiitwacho MiFish, kilichochapishwa mwaka 2015 na Masaki Miya na wenzake wa Japani, na kazi yake ni kujishika kwenye sehemu ya jeni ya 12S ya mitokondria ambayo samaki wengi mno wanafanana, ili sehemu inayofuata, ambayo wanatofautiana, idurufiwe mara mamilioni. Kila ubeti wa sampuli hii utafunguliwa kwa herufi hizo hizo, kama tenzi zinavyofunguliwa kwa dua moja inayojulikana kabla ya kila mtunzi kushika njia yake. Sauti ya samaki inaanzia herufi ya 22, na hata hapo haianzi na upekee: CACCGCGGTTATACG ni maneno ambayo aina nyingi za samaki wanayasema kwa pamoja. Tofauti kati ya jamii moja na nyingine inakuja baadaye, katika herufi ambazo ufupisho wangu umeziacha nje. Muundo ni wa duara mbili za ukawaida zinazozunguka kiini cha upekee, na aliyezoea kusoma haraka hudhani kwamba sehemu ya ukawaida ni ganda la kutupwa. Programu kweli huikata. Lakini bila ukawaida huo hakuna ulinganisho, kwa sababu ndio unaohakikisha kwamba beti zote zinajibu swali moja.

Ufunguzi huu wa pamoja una athari ya ajabu kwa mashine yenyewe. MiSeq husoma kwa kuongeza herufi moja kwa kila mzunguko na kupiga picha ya nuru inayotoka. Mizunguko ya kwanza huitumia pia kutambua vishada, yaani makundi ya nakala za uzi mmoja, vimekaa wapi juu ya kioo. Kila kishada kikitoa herufi ile ile kwa wakati ule ule, kioo kizima huwaka rangi moja na mashine hushindwa kutenga doa na doa. Dawa yake ni kuchanganya matini ngeni. Mafundi huongeza DNA ya phiX174, virusi vya bakteria vyenye herufi 5,386, jenomu ya kwanza ya DNA kusomwa yote, na kundi la Fred Sanger mwaka 1977. Virusi hivyo havina jambo lolote na ziwa. Vimealikwa ili kuleta herufi tofauti palipojaa mfanano, na baada ya kazi beti zake hutupwa. Katika maabara ya wengi, hata hivyo, ugeni huo unaweza kutoka kwa jirani: sampuli za samaki zikichanganywa na jenomu ya mmea au ya kuvu ya mtafiti mwingine, utofauti wa herufi unapatikana bila kupoteza nafasi kwa virusi. Hapa ushirika unavuka suala la gharama. Ubeti wa mmoja unasomeka vizuri zaidi kwa sababu ya ubeti wa mwingine uliokaa kando yake juu ya kioo.

Mshororo wa tatu ni alama moja. Zamani jina lote la mshororo wa kwanza lilirudiwa baada yake. Siku hizi limeachwa ili faili zipungue uzito, na kilichobaki ni kipumuo kati ya usemi na shaka.

Shaka ndiyo mada ya mshororo wa nne, na kwangu huu ndio kilele cha umbo hili. Mwaka 1998 Brent Ewing na Phil Green wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha programu iitwayo Phred pamoja na njia ya kupima uwezekano kwamba herufi fulani imesomwa kimakosa. Alama ya 10 ina maana ya kosa moja katika kumi. 20, moja katika mia. 30, moja katika elfu. 40, moja katika elfu kumi. FASTQ inazigeuza namba hizi kuwa alama moja moja za kibodi, kwa kuongeza 33 na kuchukua alama yenye namba hiyo katika jedwali la ASCII. Hivyo 30 inaandikwa kwa alama ya kuuliza, 20 kwa tarakimu 5, na 2, ambayo ni kukiri kwamba herufi haiaminiki, inaandikwa kwa #. Uamuzi huu mdogo ndio uliozaa mizani. Namba ya tarakimu mbili ingekuwa ndefu kuliko herufi inayoipima, na mishororo isingelingana; alama moja kwa herufi moja inafanya kila herufi ya mshororo wa pili iwe na mwenzake chini yake, mahali pale pale.

Rudi sasa kwenye mfano wetu na uusome kwa wima. Ufunguzi wa kianzishi umekaa juu ya C na G nyingi, ambazo ni 34 na 38: sauti imara. Katika herufi ya 30 inaingia 8, ambayo ni 23, kisha F inajaribu kurudi juu, halafu mteremko unaanza: alama ya kuuliza chini ya A, 5 chini ya T, mkato chini ya A, alama ya kujumlisha chini ya C, na # chini ya G ya mwisho. C ile ina nafasi moja katika kumi ya kuwa uongo. G ile ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa uongo kuliko kweli. Katika ubeti halisi mteremko huu huja baadaye sana, lakini sura yake ni hii, na sababu yake imo katika kishada. Kishada kina takriban nakala elfu moja zinazosomwa kwa pamoja. Katika kila mzunguko chache hubaki nyuma kwa herufi moja au kutangulia kwa moja, na baada ya mamia ya mizunguko nuru inayotoka ni ya umati usiosema kitu kimoja. Mshororo wa nne unaandika kuchoka huko, herufi kwa herufi, kwa uaminifu ambao maandishi machache ya kisayansi yameufikia. Katika ripoti ya kawaida shaka huwekwa mwishoni, katika aya ya mapungufu; hapa imepewa mizani sawa na usemi.

Umbo lina dosari zake, na mhakiki anayelipenda hana budi kuzitaja. Alama ya @ inayofungua kila ubeti ni pia alama ya ubora 31, na inaweza kuwa ya kwanza katika mshororo wa nne. Alama ya kujumlisha ni 10, na inaweza kutokea hapo vile vile. Kwa hiyo msomaji au programu inayotafuta mwanzo wa ubeti kwa kutafuta @ itapotea. Njia salama ni kuhesabu mishororo kwa nne nne. Maana inatokana na nafasi kabla ya kutokana na alama. Dosari nyingine ilikuwa ya kihistoria: kwa miaka kadhaa mashine za Illumina, kampuni inayounda MiSeq, ziliongeza 64 badala ya 33, na faili mbili zenye sura moja zikawa na shaka tofauti kabisa, hadi kampuni iliporejea kwenye 33 mwaka 2011. Anayefungua leo faili za zamani za kituo chochote bado hulazimika kukisia imla kwa kutazama alama zilizomo.

Ninayoijali zaidi ni dosari ya mashine kubwa za karibuni. NovaSeq 6000, inayoweza kutoa hadi beti bilioni 10 kwa bamba moja kubwa, imepunguza alama za ubora hadi nne tu: F, nukta mbili, mkato na #. Mteremko tuliousoma hapo juu, wenye vidaraja vyake vya kusitasita, unageuka kuwa ngazi ya hatua chache. Sababu inaeleweka, kwa maana hifadhi ya kompyuta ni gharama inayowakaba wote wanaoshiriki, na uchambuzi mwingi haudhuriki. Hata hivyo kilichopotea ni maelezo ya kati, yale ya herufi iliyo karibu kuaminika. Mashine hiyo hiyo inatumia rangi mbili kuwakilisha herufi nne, na G ndiyo herufi isiyo na nuru. Uzi ukiisha au ishara ikikatika, giza linaandikwa kama G, tena G, tena G, mara nyingi kwa alama ya juu ya ubora. Huu ni ukimya ulioandikwa kama usemi wa uhakika, na ni mahali pekee ambapo mshororo wa nne unamdanganya msomaji wake.

Ushirika nao una kosa lake mahususi. Mwaka 2017 lilijadiliwa kwa upana tatizo la kuruka kwa vitambulishi: katika mabamba yenye vishimo vilivyopangwa, vipande vya kitambulishi vilivyobaki huru kwenye mrija wa mchanganyiko vinaweza kujishika kwenye DNA ya sampuli nyingine, na ubeti ukapewa mwenyewe asiye wake. Kiwango ni kidogo. Lakini hata sehemu moja katika elfu ya beti bilioni 10 ni beti milioni 10, na anayetafuta dalili hafifu za samaki adimu katika maji ana sababu ya kuogopa samaki wa jirani. Jibu la kimuundo ni zuri: kila sampuli ipewe jozi ya vitambulishi ambavyo hakuna sampuli nyingine inayovitumia hata kimoja. Kimoja kikiruka, jozi inayotokea haimo kwenye orodha, na ubeti unapelekwa kwenye faili ya beti zisizotambulika. Kila zamu huzaa faili hiyo, na wateja wengi hawaiombi kamwe. Ningemshauri kila anayetumia maabara ya pamoja aiombe, kwa kuwa ukubwa wake na jozi zilizojazana ndani yake ndizo zinazoonyesha hali ya mchanganyiko mzima: phiX isiyo na kitambulishi, jozi zilizoruka, na wakati mwingine sampuli nzima ya mtu ambayo kitambulishi chake kiliandikwa vibaya kwenye orodha.

Orodha hiyo inastahili neno. Ni jedwali fupi ambalo fundi hulijaza kabla ya zamu, likioanisha kila kitambulishi na jina la sampuli, na ndilo daraja pekee kati ya herufi za mashine na majina ya watu na mahali. Safu mbili zikibadilishana, maziwa mawili yamebadilishana. Ndiyo maana maabara nzuri zinajengwa kama sentensi ya mwelekeo mmoja: chumba cha kutolea DNA kikiwa kimetengwa na chumba ambamo imekwisha kudurufiwa, na watu na vifaa vikienda mbele bila kurudi nyuma katika siku hiyo, huku sampuli tupu za maji safi zikipitishwa hatua zote pamoja na sampuli halisi. Beti zinazopatikana katika sampuli tupu hazipaswi kufichwa. Ndizo zinazotuambia ni kiasi gani cha usemi wa maabara kimejipenyeza kwenye usemi wa ziwa. Sheffield huwapokea watafiti wanaokuja kuifanya kazi hii kwa mikono yao, na Nairobi imefanya hivyo kwa muda mrefu. Aliyepita vyumba hivyo kwa miguu yake anaisoma FASTQ kwa namna nyingine.

Nimesema kuna pengo. Rudia mshororo wa kwanza. Tunajua nukta ya 15589 kwa 1332 juu ya kigae cha 1101, lakini hatujui latitudo. Tunajua zamu ya 57, lakini hatujui ni masika au kiangazi. Tunajua mashine, lakini aliyeingia majini hadi magotini kujaza chupa hayumo. Umbo lililoweza kubana mahali hadi kwenye doa la nuru halina neno hata moja la mahali ambapo maji yalichotwa, na kwa sayansi ya mazingira mahali hapo na siku hiyo ndiyo maana yenyewe. Beti zenye mizani kamili na ubora wa juu, zikitengwa na maelezo hayo, zinaweza kutuambia kwamba samaki fulani walikuwapo duniani, jambo tulilolijua tayari.

Pengo hili halikusahauliwa na wote. Mwaka 2011 ulichapishwa utaratibu wa MIxS, unaoorodhesha maelezo ya lazima ya kila sampuli: mahali, tarehe, aina ya mazingira. Hazina za kimataifa zinazohifadhi mifuatano ya DNA, za Marekani, Ulaya na Japani, tangu mwaka 2023 zinataka nchi na tarehe ya kukusanywa kwa kila sampuli mpya. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imefanya jambo hilo kuwa pia suala la haki, kwa maana nchi haiwezi kudai mgawo wake katika manufaa ya kiumbe ambacho asili yake haikuandikwa. Lakini maelezo haya yote yanakaa nje ya ubeti, katika fomu ambayo hakuna mashine inayoijaza, na ambayo mtafiti aliyechoka huijaza mwisho kabisa, kwa kumbukumbu, miezi baada ya safari.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa msomaji anayejiandaa kupeleka sampuli zake Nairobi, Liverpool au kwingineko. Andika latitudo na longitudo, tarehe na saa, kina cha maji, na jina la aliyechota, pale pale ufukweni, kabla ya chupa kufungwa; kisha nakili yote kwenye fomu ya maabara kabla sampuli haijapewa kitambulishi. Baada ya hapo mashine itaandika sehemu yake vizuri.